Watu Sitini na Tatu Waliosoma Tangazo la Baba Owino

Fundi alipotoa skrubu nne za nyuma ya kompyuta kuukuu na kuvuta kifuniko, harufu ilinipiga kabla hajataja bei. Vumbi lililokaangwa polepole kwa miaka, plastiki iliyoshika joto, na kitu kingine kama sarafu iliyokaa sana kwenye kiganja chenye jasho. Ninyi wa rika langu mnaijua. Kompyuta za siku hizi hazinuki chochote. Fundi akataja kiasi chake, nikasema sawa, nikalipa. Nilifika barabarani ndipo nikagundua sikumwomba apunguze hata shilingi, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Harufu hiyo ilikuwa ya sebule yetu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai mbele kidogo ya Kapsoit, mwaka ule kaka yangu Kibet aliporudi kutoka Nairobi na kompyuta imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa. Alikuwa amemaliza chuo, akafanya kazi miezi minane kwenye kampuni ndogo, kampuni ikafunga milango kabla ya kumlipa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa mshahara. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilishasoma chuo changu mwenyewe: kila siku ya soko nilikaa Kapsoit na mama nyuma ya kabeji na mitungi ya maziwa, nikijifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na kwamba kitu kilichohesabiwa mara moja hakijahesabiwa. Basi nikaangalia blanketi lilipofunguliwa. Kisanduku, kioo, kibodi, kipanya, nyaya tatu. Nikarudia kuhesabu.

"Walikupunja," nikamwambia.

"Nyamaza, Cheptoo. Wewe unajua nini?"

"Najua miezi minane."

Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na kwake mashine ni kitu kinachotoa kitu. Unaingiza majani mabichi huku, chai inatoka kule. Kila jioni alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, nguo zikinukia ule utamu mchungu wa majani yanayochacha, akakiangalia kioo kile kinavyong'aa, akauliza swali lile lile.

"Hii yako inatoa nini?"

"Bado, Baba. Naitengeneza."

"Stima inakula. Hiyo naiona. Nauliza inatoa nini."

Kitu alichokuwa anatengeneza Kibet kiliitwa seva. Alikuwa na gazeti la kompyuta la zamani alilonunua kando ya barabara Nairobi, lenye sidi imebandikwa kwenye jalada, na ndani ya sidi hiyo kulikuwa na programu ya kuigeuza kompyuta yoyote ya nyumbani iwe mahali pa kuweka kurasa za mtandao. Angejifunza kutengeneza kurasa hapo nyumbani, azipange vizuri, halafu aende Nairobi na kazi mkononi badala ya cheti tu. Vyeti, alisema, Nairobi wanavitumia kufungia njugu.

Programu ile ilikataa kwanza. Ilitaka ionyeshwe kadi ya mtandao, na hatukuwa nayo. Hata simu hatukuwa nayo. Iliyokuwa karibu ilikaa ofisini kwa meneja, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Kibet akaidanganya. Akaiambia kuna modemu hapa, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu, na modemu haikuwapo. Mashine ikaamini, ikadai izimwe na kuwashwa upya. Kila alipogusa kitu kimoja ilidai hivyo hivyo, na kazi yangu mimi ikawa kuhesabu. Mara kumi na tisa kwa siku tatu. Mara mbili kati ya hizo stima yenyewe ilipotea katikati ya kazi, Kibet akakaa gizani na mikono kichwani, nami nikamuuliza kama hizo nazo nizihesabu.

Halafu alasiri moja, mvua ya mawe ikipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono, aliandika ile anwani yake ya namba na nukta, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka. KIBET NA CHEPTOO, herufi za kijani juu ya weusi. Chini yake kabisa aliweka kaunta, tarakimu nyeupe ndani ya vijumba vyeusi kama mita ya lori, na kando yake maneno: watu waliosoma ukurasa huu. Ilisema moja.

"Seva ndiyo nini sasa?" nikauliza mvua ilipopungua.

"Ni kama karani wa dirishani. Anakaa tu. Mtu akija kuuliza ukurasa, anampa. Asipokuja mtu, anakaa."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote anayejua anwani."

Hakusema kwamba dirisha la karani huyo lilifunguka ndani ya sebule yetu peke yake. Mchuuzi yeyote wa Kapsoit angeniambia maneno kama hayo ningemgeuza juu chini kwanza: yeyote ni nani, anatoka wapi, anapitia wapi? Lakini huyu alikuwa Kibet, na kwa Kibet sikuwa na tabia ya kupima.

Jioni ile baba aliuliza tena. Kibet alikuwa amechoka, tena amefurahi, na mtu akiwa hivyo vyote viwili ulimi unateleza.

"Inatoa habari, Baba. Nikiandika kitu hapa, dunia nzima inaweza kusoma."

"Dunia gani?"

"Yote. Amerika, Uingereza. Nairobi."

Baba akaketi. Aliangalia kile kioo kwa muda, kisha akaangalia dirishani kuelekea kiwandani, kama anayetafuta bomba ambalo habari ingepitia. "Kutoka hapa," akasema, si kama swali. Hakuuliza tena habari ya stima. Kibet aliinamia chakula chake, na nikaona hainui macho, lakini nilidhani ni furaha.

Wiki zile alinifundisha kuandika kurasa. Kila kitu unachokifungua kwa alama lazima ukifunge kwa alama. Ukifungua herufi nene, uzifunge, la sivyo ukurasa wote unakuwa mnene mpaka chini. Kazi hiyo iliumbwa kwa ajili yangu. Nilihesabu mifunguo, nikahesabu mifungo, zikilingana nikalala vizuri. Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, Kibet alifunga blanketi lake jepesi na kwenda Nairobi kutafuta kazi na modemu ya kweli. Aliniachia kompyuta niitunze, na sharti moja: nisifungue kifuniko.

Sasa niwaeleze majirani. Nyumba zetu zilijengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, na upande wa pili wa ukuta wetu waliishi Baba Owino na Mama Owino, watu wa ziwani waliokuja kufanya kazi ya chai kabla sijazaliwa. Yeye alipakia kuni kwenye tanuri la kiwanda. Mke wake alichuma chai. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya chini kama anayejificha, na aliniita nyathina, mtoto wangu, kwa sababu watoto wengine wawili aliwazika wadogo na aliyebaki, Owino, alikuwa Nairobi.

Owino hakuwa ameandika kwa miaka miwili. Barua yake ya mwisho ilikaa ndani ya Biblia, na nilimsomea mama yake mara nyingi mpaka nikaijua kwa moyo. Alisema amepata kazi mahali pa kompyuta. Alisema anashinda na kompyuta kutwa nzima, asubuhi mpaka jioni. Alisema angetuma kitu. Barua walizomwandikia baadaye zilirudi na muhuri.

Siku tatu baada ya Kibet kuondoka, Baba Owino alikufa. Alikuwa amekohoa wiki mbili, akapelekwa hospitali Kericho siku ya Jumatatu akitembea mwenyewe, na Jumatano baba yangu akarudi kutoka huko na kofia mkononi na hakuuliza swali lolote mlangoni. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Owino. Sikujua mtu mzima ana sauti ile. Ilianza, ikakatika, ikaanza tena kutoka mahali pengine, kama mtu anayeingia vyumba mbalimbali kutafuta kitu, na nyumba zile zilikuwa na vyumba viwili tu.

Wakati huo, ninyi mnakumbuka, mtu akifa na jamaa zake wametawanyika, habari ilikwenda kwa redio. Jioni watu walinyamaza majina yakisomwa: fulani, baba ya fulani anayefanya kazi mahali fulani, mazishi siku fulani. Hata mlevi aliacha kelele majina yakianza. Nairobi nzima ilikuwa na masikio kwenye redio saa hiyo. Tangazo lilipelekwa Kisumu na kulipiwa, na Mama Owino alikuwa na kuku wanne. Alhamisi asubuhi nilimkuta amewafunga miguu watatu kwa kamba, tayari kuwapeleka sokoni.

"Wa nini, Mama?"

"Wa redio. Owino lazima asikie. Ndiye mkubwa, baba yake hawezi kushuka kaburini kabla hajafika. Wataniuliza kule nyumbani, mtoto wake yuko wapi? Nitawaambia nini?"

Nikamwangalia yeye, nikaangalia kuku. Na nikasema, kwa sauti ile niliyotumia nyuma ya kabeji:

"Kuku watatu ni wengi kwa kusomwa mara moja. Mtu akiwa chooni si amekosa? Mimi nitamweka kwenye kompyuta, akae hapo mchana na usiku."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Ile ya kaka yako? Inafika Nairobi?"

"Inafika dunia nzima. Muulize Baba."

"Na Owino anashinda na kompyuta," akasema polepole. "Kutwa nzima. Aliandika hivyo."

"Si ndiyo nakuambia?"

Nilimwomba kuku mmoja. Msishangae, nilikuwa nimefundishwa kwamba kazi ya bure haiheshimiwi na yule anayefanyiwa. Tukaelewana mayai sita. Alinipa saba, akiwa na msiba wake, na nikayahesabu mara mbili mbele yake. Kisha akawafungua kuku miguu, mmoja mmoja, wakasimama wakitetemeka, hawajui kama wako huru.

Aliketi kwenye kiti cha Kibet akaniambia maneno, nami nikayaandika. Nayakumbuka yote. Owino mwana wa Odera, popote ulipo. Baba yako ametuacha hospitali ya Kericho. Lori la kampuni linatubeba Jumamosi kwenda nyumbani. Njoo umzike baba yako. Mama yako hana neno na wewe. Hapo kwenye sentensi ya mwisho alinishika mkono nisiendelee, akafikiri, akasema, "Hiyo iandike nene, ajue sina kinyongo." Nikaifungua nene, nikaifunga. Nikaweka kaunta chini, nikaanza sufuri.

Baba alirudi mchana, nikamwonyesha. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Naye ndiye angeweza kupeleka tangazo la redio Kisumu. Alikuwa ameshaomba ruhusa kazini. "Imekwenda?" akauliza. Nikamwambia imekwenda. Aliuweka mkono wake mzito juu ya kile kisanduku, penye joto, namna alivyoweka mkono juu ya mashine zake kusikiliza kama zinatembea vizuri. "Basi hii inatoa kitu," akasema. Kwa siku zile kompyuta haikuzimwa hata mara moja, na harufu yake ikajaa nyumba nzima, ikaingia kwenye mablanketi.

Kila baada ya muda nilifungua ukurasa kuona kama umesomwa. Na ulikuwa umesomwa. Mara ya kwanza kaunta ilisema moja. Baada ya chai, mbili. Jioni ilikuwa tisa. Nilikwenda kumwambia Mama Owino katikati ya wanawake waliokaa naye sakafuni.

"Tisa wamesoma."

"Tisa," akawaambia wale wanawake. "Leo tu, watu tisa. Mpaka Amerika."

Mmoja wao, mama mnene aliyechuma naye safu moja, akauliza hao tisa ni kina nani. Nikamwambia kompyuta haitaji majina. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hata benki haitaji majina.

Ijumaa jioni kaunta ilikuwa ishirini na sita na Owino hajafika. Meneja alikuwa ametoa lori Jumamosi, na waombolezaji wa kutoka kiwandani walikuwa wamehesabiwa. Mama Owino alisimama katikati ya mlango wetu, hakuingia.

"Nyathina, zinaendelea kupanda?"

"Zinaendelea. Asubuhi zilikuwa kumi na nane."

Akamgeukia baba. "Baba Kibet, waambie wangoje. Anasoma. Labda hana nauli, labda anaomba ruhusa. Waambie Jumamosi ile nyingine."

Baba alikwenda kwa meneja na kofia mkononi. Lori likasogezwa wiki moja, na akaambiwa halitasogezwa tena. Hivyo Baba Owino alilala kwenye baridi ya mochari siku saba zaidi kwa sababu ya hesabu zangu. Mimi nilikuwa na bidii. Nilifungua ukurasa asubuhi, nikafungua kabla na baada ya kukamua, nikafungua nikitoka kuteka maji. Na kwa kuwa sijawahi kuamini hesabu ya mara moja, kila usiku nilifungua mara moja zaidi kuhakikisha.

Jumamosi ya pili lori liliondoka asubuhi na ukungu, jeneza katikati, watu wameketi pembeni wamejifunika kanga na majaketi ya plastiki ya kuchumia chai. Baba alikwenda nao. Mama Owino alipopandishwa aliangalia barabara ya Kericho, akaiangalia mpaka lori likapinda. Kaunta ilikuwa sitini na tatu.

Kibet alirudi jioni hiyo hiyo. Hakupata kazi, hakupata modemu, alikuwa amekonda. Mama alimpa chai na habari za msiba. Akakaa mbele ya kompyuta kupumzisha macho, akaona ukurasa.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi. Hakuna alama iliyobaki wazi, angalia."

"Umeandika vizuri." Kisha akaona chini. Alicheka kidogo. "Sitini na tatu? Nani amekuwa akifungua?"

"Watu."

"Watu gani, Cheptoo?"

"Wa dunia."

Kicheko kikamtoka usoni. Alibonyeza, ukurasa ukafunguka upya. Sitini na nne. Alibonyeza tena. Sitini na tano. Akageuka kunitazama, na sijui kama kuna aibu niliyowahi kuona mbaya kuliko ile iliyokuwa machoni pake, kwa sababu haikuwa yangu.

"Hiyo ni mimi," akasema. "Zile nyingine zote ni wewe."

"Uliniambia yeyote."

"Yeyote aliyekaa kwenye hiki kiti. Hakuna waya, Cheptoo. Angalia nyuma. Haitoki hapa. Haijawahi kutoka hata kufika kwa Mama Owino."

"Ulimwambia Baba dunia nzima."

"Najua nilichomwambia Baba."

Nikahesabu. Hiyo ndiyo tabia mbovu ya kichwa changu, hata wakati ule kilihesabu. Sitini na tatu, asubuhi, jioni, kabla ya kukamua, baada ya kukamua, na ile ya kuhakikisha. Zilitimia. Haikubaki hata moja ya mtu mwingine.

Baba aliporudi kutoka ziwani alitusimulia mazishi. Alisema wazee wa kule waliuliza mtoto wa kwanza yuko wapi, mara tatu, na Mama Owino akasimama mbele ya watu wote akawaambia kwamba mume wake hakutangazwa kwa redio kama watu wa kawaida. Alitangazwa kwa kompyuta, na watu sitini na tatu wa dunia walisoma habari zake. Baba alisema watu walinyamaza. Mpakia kuni wa tanuri! Alisema ndilo jambo pekee lililomnyoosha mgongo siku ile. "Na kijana?" mama akauliza. Baba akavua viatu. "Kijana alisoma," akasema. "Alisoma akakaa." Kibet alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akaangalia mkono wa baba uliokuwa juu ya kisanduku, akafunga mdomo.

Owino alikuja wiki tatu baadaye, mchana, kwenye manyunyu. Alikuta kwao kumefungwa, mama yake yuko shambani, akabisha kwetu. Nilimfungulia. Alikuwa mrefu kama mama yake, koti kubwa la buluu lenye vifungo vya shaba ambavyo viwili havikuwapo, na mkate mmoja mzima wa Nairobi kwapani. Alikuwa amekutana na mfanyakazi wa kiwanda stendi ya Nairobi siku iliyopita, akaambiwa pole, akauliza pole ya nini.

Alinipa mkate, kwa sababu nilikuwa mtoto na mikono yake ilitaka kuwa mitupu. Mama akanikatia kipande. Kibet akamwambia kila kitu, bila kujitetea: alivyomwambia baba, nilivyoandika, kuku waliofunguliwa, lori lililongojwa, kaunta. Akamwonyesha ukurasa. Owino hakugusa kitu. Alisoma akiwa mbali kidogo, kama mtu anayesoma kwenye dirisha la duka.

"Hizi mimi nazijua zikiwa ndani ya makatoni," akasema. "Mimi ni askari. Ninafungua mlango wa duka wanakoziuza. Mama aliwaambia nafanya nini?"

"Kwamba unashinda na kompyuta," nikasema.

"Si uongo. Nashinda nazo." Akarudi kuutazama ukurasa. "Na kule nyumbani, mama aliwaambia watu kwamba ilisomwa?"

"Mbele ya wote," Kibet akasema. "Lakini tutamwambia ukweli. Leo. Mimi mwenyewe nitamwambia."

Hatukuwahi kumaliza shauri hilo, kwa sababu mtu alikuwa ameshampelekea Mama Owino habari shambani. Aliingia bila kubisha, kikapu bado mgongoni kikiwa nusu, maji yakimtiririka kwenye plastiki yake mpaka sakafuni. Hakumsalimu. Alimwangalia tangu viatu mpaka vifungo.

"Uliisoma?"

Kibet alisema, "Mama Owino, ngoja—"

"Sijakuuliza wewe. Owino. Ile habari ya baba yako. Uliisoma?"

Nimefikiria sana alichokuwa akikipima Owino katika ule muda mfupi. Akisema hapana, mama yake alimngojesha maiti wiki nzima kwa mchezo wa mtoto, na alisimama mbele ya wakwe zake akajivunia hewa. Na akisema hapana, angeulizwa kwa nini, na yeye anashinda na kompyuta. Vile vifungo vingeanza kueleza. Sijui alimficha mama yake au alijificha mwenyewe. Nimelipima jambo hilo zaidi ya mara mbili na kila mara linakuja na jibu lingine.

"Niliisoma, Mama."

"Siku gani?"

"Ile ya kwanza."

"Mpaka mwisho? Mpaka pale penye nene?"

"Mpaka mwisho."

Mama Owino akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayepokea chenji na kukuta ni sawa. "Hayo maneno ya mwisho nimeyaondoa," akasema. Akakiweka sawa kikapu mgongoni. Owino akamfuata mpaka barazani. Tukasikia mlango wao ukifunguliwa na kufungwa, na komeo likisukumwa upande wa pili wa ukuta, na Owino akabaki amesimama mvuani na koti lake. Aliondoka kabla ya jioni. Baadaye alituma pesa kila mwezi, hakukosa hata mmoja, na mama yake alizipokea, akazitumia, na hakulitaja jina lake tena mpaka alipokufa.

Lakini kabla Mama Owino hajatoka kwetu siku ile, alipofika mlangoni, aligeuka akanitafuta kwa macho. Kibet alikuwa ameinamisha kichwa. Ilikuwa zamu yangu ya kusema ukweli, mimi niliyekuwa na neno kwa kila mtu sokoni, na mdomo wangu ulikuwa umejaa ule mkate wa Owino, mtamu, laini, wa Nairobi.

"Wewe nyathina ulifanya kazi yako," akaniambia. "Asante."

Nikautafuna, nikaumeza.

"Karibu, Mama," nikasema.